Kifungu cha 119: kuisoma Versailles ukiwa Bukavu

Kila mwaka tunapoifikia sura ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wa sekondari hapa Bukavu huandika katika madaftari yao sentensi ileile niliyoandikishwa mimi nilipokuwa na umri wao: kwamba mkataba wa Versailles, uliohitimisha vita hivyo na Ujerumani mwaka 1919, ulikuwa mkali mno, ukaidhalilisha Ujerumani, na udhalilishaji huo ukamfungulia Hitler mlango. Sentensi hiyo inaleta alama katika mtihani wa dola, kwa hiyo siwezi kuwakataza kuiandika. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuusoma mkataba wenyewe, ndivyo ninavyoona kwamba inawafanya vijana wetu waichukulie habari hii kama ugomvi wa Wazungu wawili, Mfaransa na Mjerumani, waliokuwa wakimalizana huko kwao. Mkataba huo una vifungu 440, na kimoja kati yake, cha 119, ndicho kilichobadilisha utawala ng'ambo ya mto Ruzizi, mpakani na Rwanda, mahali ambapo mtu aliyesimama katika mtaa wetu wa Muhumba anaona nguo za majirani zikiwa zimeanikwa.

Nianze na nyumba ambamo mkataba ulitiwa saini, kwa kuwa asiyeijua nyumba hiyo hawezi kuielewa hasira ya waliotoka humo. Versailles ilianza kama nyumba ndogo ya uwindaji ambayo mfalme Louis XIII aliijenga mwaka 1623, si mbali na Paris. Mwanawe, Louis XIV, ndiye aliyeigeuza kuwa kasri, akiwatumia wasanifu Le Vau na Hardouin-Mansart, mchoraji Le Brun na mbunifu wa bustani Le Nôtre, na tarehe 6 Mei 1682 akalihamishia huko baraza lake na serikali yake. Hakutafuta starehe peke yake. Utotoni mwake alikuwa ameonja uasi wa wakubwa wa nchi, naye aliona heri wakubwa hao wakae chini ya macho yake, wakishindania heshima ya kumshikia mshumaa anapokwenda kulala, kuliko wakae mikoani mwao wakikusanya askari. Kasri lilikuwa chombo cha kutawala, na kila pambo lake lilikuwa na mtu lililokusudiwa kumtisha.

Ukumbi wa Vioo, uliojengwa kati ya 1678 na 1684, ndio kilele cha kazi hiyo. Una urefu wa mita 73. Upande mmoja madirisha 17 yanatazama bustani, na upande wa pili matao 17 yamejazwa vioo 357, katika enzi ambayo kioo kikubwa kilikuwa mali ya anasa na mafundi wa Venice ndio waliotamba kwa kazi hiyo. Binti wa dada yangu, anayesoma Ubelgiji, alikwenda huko likizoni akanitumia video kwa simu. Umati wa watalii ulikuwa umevigeukia vioo, kila mtu akijipiga picha, na sauti ya binti ikasikika ikisema: «Mjomba, tazama juu, hakuna mtu anayetazama juu.» Kisha akaielekeza simu darini. Huko Le Brun alichora vita vya mfalme wake, hasa vile alivyopigana na Uholanzi na washirika wake, na katika picha mojawapo Louis XIV anauvuka mto Rhine mwaka 1672 akiwa juu ya gari la vita, ameshika radi mkononi kama mungu wa Warumi. Mjerumani yeyote anayeketi katika ukumbi ule, awe mshindi au mshindwa, anaketi chini ya picha hiyo.

Basi tarehe 18 Januari 1871, majeshi ya Wajerumani yakiwa yameizingira Paris, watawala na majenerali wao walikusanyika katika ukumbi huohuo na kumtangaza mfalme Wilhelm wa Prussia kuwa Kaisari wa Ujerumani yote. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alikuwa na nchi nzima ya kwao ya kufanyia sherehe hiyo, nao wakaifanya katika nyumba ya mfalme wa Ufaransa, chini ya dari la ushindi wa Ufaransa, Wafaransa wenyewe wakiwa na njaa umbali wa saa chache kwa miguu. Mkataba wa Frankfurt wa tarehe 10 Mei mwaka huohuo uliichukua Alsace na sehemu ya Lorraine, ukaidai Ufaransa faranga bilioni 5 za dhahabu, na ukaacha askari wa Kijerumani katika ardhi ya Ufaransa mpaka deni lilipwe. Wafaransa walikopeshana wenyewe kwa wenyewe, wakamaliza kulipa Septemba 1873, kabla ya muda waliopewa.

Hapo ndipo ninapopenda kulisimamisha darasa. Huo nao ulikuwa mkataba mkali, nawaambia, wenye fidia, wenye ardhi iliyokatwa, wenye aibu iliyofanyiwa ndani ya nyumba ya mwenyewe. Mbona haukumzaa Hitler wa Kifaransa? Mwaka jana kijana mmoja wa viti vya nyuma alinijibu bila hata kunyanyua mkono: «Mwalimu, Wafaransa waliwangojea.» Nimesoma majibu marefu ya watu wenye shahada ambayo hayafikii hilo.

Kweli waliwangojea. Georges Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa mwaka 1919, alikuwa mbunge kijana mwaka 1871 na alipiga kura ya kuyakataa masharti ya awali ya ule mkataba wa kwanza. Alipopata nafasi ya kuchagua mahali, akauchagua Ukumbi wa Vioo, na siku iliyopangwa, tarehe 28 Juni 1919, ilikuwa miaka mitano kamili tangu mrithi wa kiti cha Austria alipouawa Sarajevo. Wajumbe wa nchi washindi waliketi kwanza. Ndani waliwekwa pia wanajeshi watano wa Kifaransa walioharibiwa nyuso na vita, ili Wajerumani wapite mbele yao. Wachina hawakuwapo mezani, kwa kuwa walikataa kutia saini baada ya kuona haki za Wajerumani katika jimbo lao la Shandong zinapewa Japani badala ya kurudishwa kwao. Kisha wakaingizwa Wajerumani wawili, nao ndio waliotia saini kabla ya wengine wote. Ilipokwisha, mizinga ikapigwa na chemchemi za bustani zikafunguliwa.

Wajerumani hao wawili ni watu wa kuangaliwa vizuri, kwani vitabu vya shule huwapita mbio. Wa kwanza alikuwa Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje, msoshalisti. Wa pili alikuwa Johannes Bell, wa chama cha Wakatoliki, ambaye alikuwa waziri wa uchukuzi na vilevile waziri wa makoloni. Mtu aliyeshika wizara ya Tanganyika, Ruanda, Urundi, Kameruni, Togo na Namibia ndiye aliyenyanyua kalamu na kutia saini hati iliyoifanya wizara hiyo ibaki bila kazi. Wakati huohuo majenerali walioiongoza Ujerumani vitani, Hindenburg na Ludendorff, hawakuonekana. Wao ndio waliotaka vita visimamishwe mwaka 1918 walipoona wameshindwa, lakini aibu ya saini wakawaachia raia, na baadaye wakasema jeshi lilichomwa kisu mgongoni. Matthias Erzberger, raia aliyetia saini kusimamisha mapigano Novemba 1918, aliuawa kwa risasi mwaka 1921. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko fedha zote zilizodaiwa: kushindwa kulikuwa kwa wanajeshi, saini ikawa ya watu wasio na bunduki, na jamhuri changa ikazaliwa ikiwa na deni la lawama isiyokuwa yake.

Kuhusu ukali wenyewe, sina haja ya kuupunguza. Ujerumani ilipoteza karibu asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya. Jeshi lake likawekewa mpaka wa watu 100,000, bila ndege za kivita wala nyambizi. Kifungu cha 231 kikaitwika dhima ya hasara zote za vita. Jambo baya zaidi kimbinu ni kwamba jumla ya deni haikuandikwa siku ya kutia saini. Mtu alitia saini leo na kuambiwa bei baadaye: ilikuwa Mei 1921 ndipo ilipotajwa alama bilioni 132 za dhahabu, na hata waliotaja walijua kwamba sehemu kubwa ya hizo iliwekwa ili wapiga kura wa Ufaransa na Ubelgiji wasikasirike. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alikuwa amekwisha kujiuzulu katika ujumbe wa nchi yake kwa sababu ya hesabu hizo. Lakini mtu aliyesoma mkataba ambao Ujerumani yenyewe iliilazimisha Urusi kuukubali huko Brest-Litovsk Machi 1918 hawezi kusema kwamba Versailles ndiyo iliyobuni ukali.

Januari 1923, Ujerumani ilipochelewesha malipo, askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji waliingia katika bonde la Ruhr ili wachukue makaa ya mawe kwa mkono wao. Wafanyakazi wa huko waligoma, serikali ya Berlin ikachapa noti ili iwalipe wagomaji, na mpaka Novemba dola 1 ilikuwa ikibadilishwa kwa alama trilioni 4.2. Watu wazima wa Bukavu hawahitaji kuelezwa sana hali hiyo, kwani wao waliishika noti ya zaire milioni 5, na Oktoba 1993 wakaambiwa kwamba zaire milioni 3 za zamani zimekuwa zaire mpya 1. Anayetaka kujua jinsi fedha inavyoweza kumfanya mtu asiamini tena serikali yoyote na amuulize mama aliyekuwa akiuza unga Kadutu miaka ile.

Pamoja na hayo yote, ile sentensi ya madaftarini haisimami vizuri ikipimwa kwa miaka. Mikopo ya Marekani ilikuja mwaka 1924, fedha ikatulia, na katika uchaguzi wa 1928, miaka tisa baada ya Versailles, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 ya kura. Ni baada ya uchumi wa dunia kuanguka kuanzia mwaka 1929, na wasio na kazi kufikia milioni 6, ndipo chama hicho kilipopanda hadi asilimia 37 mwezi Julai 1932. Mwezi huohuo wa Julai, mkutano wa Lausanne ulikuwa umekwisha kuyafuta malipo ya fidia kwa vitendo. Hitler alipoingia madarakani tarehe 30 Januari 1933, deni lililopigiwa kelele lilikuwa halidaiwi tena. Alirudisha jeshi la kulazimishwa mwaka 1935, akaingiza askari mwaka 1936 katika Rhineland, eneo la magharibi ambamo mkataba uliikataza Ujerumani kuweka jeshi, na hakuna aliyemzuia: Marekani, ambayo Seneti yake ilikataa kuuidhinisha mkataba, haikuwapo, na Waingereza wengi walikuwa wameanza kuamini kwamba Wajerumani walionewa. Mkataba ulikuwa mkali kiasi cha kumkasirisha mshindwa, ila haukuachiwa walinzi wa kumzuia. Tarehe 22 Juni 1940 Wafaransa nao walitia saini kusalimu amri katika behewa lilelile la treni ambamo Wajerumani walikuwa wamesalimu amri mwaka 1918. Mchezo wa kuchagua mahali ulikuwa haujaisha.

Kwa hiyo vifungu vilivyowatoa Wajerumani barabarani kupiga kelele, vya jeshi, vya Rhineland, vya fedha, vilianguka karibu vyote katika muda wa miaka ishirini. Sasa kitazame kifungu cha 119. Ni sentensi moja tu: Ujerumani inaacha, kwa faida ya mataifa makuu ya ushirika, haki zake zote na hati zake zote juu ya milki zake za ng'ambo. Hakuna hesabu, hakuna muda, hakuna majina ya nchi wala ya watu. Hicho hakikuanguka hata Hitler alipokuja.

Maamuzi ya nani apewe nini yalikuwa yamefanywa kabla ya sherehe ya vioo. Mapema Mei 1919 wakubwa wa mkutano waliamua kuipa Uingereza Afrika Mashariki yote ya Wajerumani, kana kwamba Ubelgiji haikuwapo kwenye vita hivyo. Wabelgiji walikuja juu. Askari wa Force Publique, yaani vijana wa Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji na jenerali Tombeur, walikuwa wameivuka mipaka hii yetu mwaka 1916, wakaichukua Kigali mwezi Mei na Tabora tarehe 19 Septemba, nyuma yao wakifuatwa na wapagazi wengi mno, ambao idadi kubwa yao hawakurudi. Tombeur alikuja kupewa ubaroni wenye jina la Tabora. Mpagazi wa Kivu hakupewa kitu. Mjumbe wa Ubelgiji, Pierre Orts, na waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Milner, wakakaa wakaelewana tarehe 30 Mei 1919: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, eneo lililobaki kwa Waingereza, isipokuwa kipande kidogo cha Kionga, kusini kabisa, kilichokwenda kwa Wareno.

Na hapa pana jambo ambalo darasani huwaacha vijana midomo wazi: Ubelgiji haikuitaka sana Ruanda-Urundi. Ilitaka ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, ambao ni wa Angola, na ilishika ardhi ya Wajerumani kama kitu cha kubadilishana, ikitumaini kwamba Waingereza wataichukua ardhi hiyo na kuwapa Wareno kitu kingine, nao Wareno waiachie Ubelgiji ukingo ule. Mpango ukashindikana. Milima yenye watu wengi kuliko karibu pote katika eneo hili ikabaki mikononi mwa dola lililokuwa limeishika kama dhamana ya biashara nyingine. Waingereza nao walijikatia Gisaka, mashariki mwa Rwanda, kwa ajili ya ndoto yao ya reli kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Yuhi Musinga, mfalme wa Rwanda, alilalamika, wamisionari wakamuunga mkono, na sehemu hiyo ikarudishwa mwaka 1924. Reli haikujengwa.

Shirikisho la Mataifa liliuita utawala huo udhamini, na kifungu cha 22 cha hati yake, ambayo ni sehemu ya kwanza ya mkataba wa Versailles, kilisema kwamba hawa ni watu wasioweza bado kujisimamia wenyewe, na kuwatunza ni amana takatifu ya ustaarabu. Paul Panda Farnana hakukubaliana na lugha hiyo. Alikuwa Mkongomani kutoka Banana, alipigana upande wa Ubelgiji huko Namur mwaka 1914, akatekwa, akakaa kambini Ujerumani mpaka vita vikaisha, na mwaka 1919 akaanzisha mjini Brussels chama cha Union Congolaise. Alidai Wakongomani wapewe elimu na sauti katika mambo yao. Katika vitabu vya wanafunzi wangu hana hata mstari mmoja.

Kifungu kingine ambacho Waswahili tungepaswa kukijua kwa moyo ni cha 246. Kinaiamuru Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, katika muda wa miezi sita, fuvu la Sultani Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na ambaye kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Katika kifungu hichohicho inatakiwa Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi. Na kifungu kinachofuata kinashughulikia maktaba ya Leuven iliyochomwa moto na mbao za kanisa la Ghent zilizochorwa na ndugu Van Eyck. Ghent ilizipata mbao zake mapema. Miezi sita ya Mkwawa ilikuwa miaka 35: ni mwaka 1954 ndipo gavana Edward Twining alipolichukua fuvu kutoka jumba la makumbusho la Bremen na kulikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, huko Kalenga. Wajerumani walimaliza kulipa salio la mikopo iliyotokana na fidia tarehe 3 Oktoba 2010.

Turudi kwetu. Kabla ya 1914 Ruzizi ilikuwa mpaka wa madola mawili, na mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani walikiteka hata kisiwa cha Ijwi. Baada ya Versailles bwana akawa mmoja kwenye kingo zote mbili. Sheria ya Ubelgiji ya Agosti 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo ya Wabelgiji kiutawala, chini ya Gavana Mkuu wa Kongo, na faranga ya Kongo ikatumika Usumbura (Bujumbura ya leo) na Kigali sawa na ilivyotumika hapa, wakati mji huu ukiitwa Costermansville. Mtu wa serikali aliyetazama ramani aliona upande mmoja milima iliyojaa watu na njaa za mara kwa mara, upande wa pili mashamba ya walowezi yanayotaka mikono, na kuanzia mwaka 1937 utawala huo ukaanza kuzihamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka Gishari, huko Masisi upande wa Kongo, kazi iliyoendelea mpaka 1955. Rwanda na Burundi zilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, wale waliohamishwa na watoto waliozaliwa Masisi walikuwa tayari ndani ya nchi nyingine iliyojitawala tangu 1960, na swali la karatasi zao likaachiwa serikali ambazo hazikuwa zimewahamisha.

Habari ya Gishari nitaiandikia andiko lake, kwani inahitaji sheria za uraia za 1972 na 1981 zisomwe neno kwa neno. Kwa darasa, nimekwisha kubadilisha mpangilio: kifungu cha 119 nakiandika ubaoni kwanza, kwa Kifaransa chake kama kilivyo, kisha ndipo tunafika kwenye cha 231 na alama za mtihani.